Redio iliyonyamaza usiku wa kuhamia HTTPS: uchambuzi wa kisa kimoja cha maudhui mchanganyiko

Mwalimu alinipigia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ni mwalimu mstaafu anayeongoza kituo kidogo cha redio ya jamii kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, na saa hizo hapigi simu ila kuna jambo. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kwenye FM nasikia vizuri kabisa. Lakini kwenye tovuti nabonyeza, inazunguka tu, haisemi. Na vijana wetu wa Muscat wameshaanza kuniandikia."

Usiku uliotangulia, Julai 2023, nilikuwa nimeihamisha tovuti ya kituo kutoka HTTP, itifaki inayosafirisha kila kitu wazi, kwenda HTTPS, inayokisimba kisisomeke njiani. Sababu zilikuwa mbili. Tangu toleo la 68 la Chrome, lililotoka Julai 2018, kila ukurasa wa HTTP huandikiwa "Si salama" pembeni ya anwani, na Mwalimu alikuwa amechoka kuulizwa kama redio yake imevamiwa. Sababu ya pili ndiyo nzito: tovuti ina fomu ya kutuma salamu, na msikilizaji hujaza humo jina lake, namba yake ya simu na majina ya wanaosalimiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika Mei Mosi mwaka huo. Na hata sheria isingekuwepo, namba ya simu ya mama wa watu haifai kupita uchi kwenye Wi-Fi ya stendi ya mabasi.

Kituo sitakitaja, na anwani yake nimeibadilisha. Humu nitaiita redio.example. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi ya kuhamia HTTPS huishia kwenye cheti, faili linaloithibitisha tovuti kwa kivinjari, wakati cheti siku hizi ndicho chepesi kuliko vyote. Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, walipofungua huduma yao kwa umma Desemba 2015 waliondoa gharama, na certbot, programu ya kuviomba, ikaondoa usumbufu. Kazi inayobaki ni ya anwani za zamani, zilizojificha mahali usipopakumbuka.

Usiku wenyewe

Tovuti ni ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Mbele kuna seva ya nginx inayopokea wageni na kushughulikia usimbaji, nyuma yake seva ya Apache yenye PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress. Kwenye mashine hiyohiyo kuna Icecast inayorusha sauti ya studio kupitia mlango (port) namba 8000.

Cheti kilikubali mara ya kwanza. Nikabadilisha anwani mbili za WordPress, `siteurl` na `home`, ziwe za https, nikaweka nginx iwaelekeze wageni wote wa HTTP kwenda HTTPS kwa jibu la 301. Nilipofungua ukurasa wa mbele ulikuja uchi, maandishi meupe bila rangi wala mpangilio, na ukurasa wa kuingilia wahariri ukaanza kujizungusha bila mwisho. Hilo nililijua. Apache ilikuwa ikizungumza na nginx kwa HTTP ya ndani, hivyo WordPress iliamini kwamba mgeni amekuja kwa HTTP: ikawa inatengeneza anwani za http kwa faili zote za CSS, zinazoupa ukurasa rangi na mpangilio, na ukurasa wa kuingilia ukawa unasisitiza kuhamishwa kwenda HTTPS ambako ulikuwa umeshafika. Dawa ni nginx kutuma taarifa ya itifaki halisi kwa `proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;`, na wp-config.php kuisoma kabla ya mstari unaoita wp-settings.php:

```
if (isset($_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'])
    && $_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'] === 'https') {
    $_SERVER['HTTPS'] = 'on';
}
```

Ukurasa ukavaa nguo zake, kufuli likatokea, wahariri wakaingia. Ilikuwa saa saba usiku. Nikalala.

"Mbona huku inalia?"

Baada ya simu ya Mwalimu nilifungua tovuti kwenye simu yangu, kwa Chrome. Kitufe cha kusikiliza kikazunguka, kikakata tamaa. Nikampigia fundi mitambo aliyekuwa zamu. Akabonyeza kwenye kompyuta ya studio, akasogeza simu kwenye spika, nikasikia matangazo yote, safi, bila kukatika. "Kaka, huku inalia vizuri tu. Labda bando la Mwalimu limeisha." Tulivutana karibu robo saa kabla sijapata akili ya kumuuliza anatumia kivinjari gani. Firefox.

Kumbe wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Ukurasa uliofika kwa HTTPS ukiagiza kitu kingine kwa HTTP, hayo ndiyo maudhui mchanganyiko. Ukurasa umesimbwa njia nzima, lakini hicho kipande kinasafiri wazi, na yeyote aliye katikati anaweza kukisoma au kukibadilisha. Vivinjari havihukumu vipande vyote sawa. Skripti, faili za CSS, fremu (ukurasa ndani ya ukurasa), fonti na data inayoombwa na JavaScript huzuiwa papo hapo, kwa kuwa skripti moja iliyochezewa njiani inatosha kuuteka ukurasa mzima. Firefox ilianza kuvizuia bila kuuliza katika toleo la 23, Agosti 2013. Picha, sauti na video zilionewa huruma miaka mingi. Zilipita, ila kufuli likawekewa alama ya onyo.

Huruma hiyo Chrome iliifuta kwanza. Mpango ulitangazwa Oktoba 2019, na kuanzia toleo la 80, mapema 2020, sauti au video ya HTTP ndani ya ukurasa wa HTTPS huandikwa upya na kivinjari chenyewe iwe HTTPS. Ikipatikana kwa njia hiyo, sawa. Isipopatikana, haichezwi, wala kivinjari hakirudi kwenye HTTP kujaribu tena. Picha zikafuata baadaye. Firefox ilikuja kufanya vivyo hivyo katika toleo la 127, Juni 2024, karibu mwaka mzima baada ya asubuhi yetu. Kwa hiyo Firefox ya studio ilikuwa bado inaipitisha sauti kwa HTTP na kuonya kimyakimya pembeni, wakati Chrome ya Mwalimu imeshaibadilisha `http://redio.example:8000/live` kuwa `https://redio.example:8000/live`. Kivinjari hubadilisha itifaki tu. Namba ya mlango ikiwa imeandikwa waziwazi kama hii ya 8000, huiacha ilivyo. Na kwenye mlango 8000 ilikuwepo Icecast isiyojua neno hata moja la TLS, usimbaji ulio ndani ya HTTPS.

Hapa nilipoteza saa mbili ambazo ningependa zisipotee kwako. Konsoli ya Chrome, dirisha la ujumbe wa kivinjari kwa mafundi, ilionyesha kwa herufi nyekundu `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR`. Nikaona SSL, jina la zamani la TLS, nikakimbilia cheti. Nikakipima kwa `openssl s_client`, nikatazama mnyororo wake, nikafikiria hata kukiomba upya. Cheti hakikuwa na kosa. Juu kidogo ya mstari ule mwekundu palikuwa na mstari wa njano ambao sikuusoma, unaoanza na maneno Mixed Content, na ndani yake umeeleza kila kitu: ukurasa ni wa HTTPS, umeomba sauti ya HTTP, ombi limepandishwa kuwa HTTPS. Ukiona kosa la SSL kwenye kipande kimoja tu cha ukurasa huku ukurasa wenyewe umefunguka, soma kwanza mistari ya njano, kisha tazama namba ya mlango.

Na lile kufuli la usiku? Lilikuwa la haki. Kila kilichopakiwa kilipakiwa kwa HTTPS, na kilichoshindwa kupakiwa hakihesabiwi.

Huduma ya kwanza

Nilitaka kurudisha tovuti ilivyokuwa huku nikitafuta dawa. Nikaondoa uelekezaji kwenye nginx, nikamwambia Mwalimu afungue upya. Bado simu yake ikampeleka HTTPS. Jibu la 301 maana yake ni "nimehama moja kwa moja", na kivinjari hulikariri. Aliyetembelea usiku ule hakurudi tena kwenye HTTP hata seva ilipoacha kumwelekeza. Ningetumia 302, ya kuhama kwa muda tu, kwa siku chache za mwanzo, mlango wa kurudi ungekuwa wazi. Siku hizi ndivyo ninavyofanya, kila mara.

Kilichotuokoa ni kiungo cha kawaida. Nikaweka chini ya kitufe maneno "Kama husikii, bonyeza hapa", yakielekea moja kwa moja `http://redio.example:8000/live`. Kiungo ambacho mtu anabonyeza na kuondoka nacho si maudhui mchanganyiko. Kivinjari kinafungua anwani mpya inayojitegemea, na Chrome ina kicheza sauti chake. Ndani ya dakika kumi Muscat walikuwa wanasikia tena. Tofauti hii ya kitu kinachopakiwa ndani ya ukurasa na kiungo kinachobonyezwa itakupunguzia kazi nyingi. Nimeona watu wakihangaika na maelfu ya viungo vya http kwenye makala za zamani, kazi isiyo na haraka, huku skripti moja ya http imeizima menyu nzima.

Kuhesabu kabla ya kugusa

Jioni hiyo nilianza upya, safari hii kwa kuorodhesha. Kurasa chache nilizipitia kwa macho, konsoli ikiwa wazi, kwa Firefox kwa sababu wakati ule ilikuwa bado inaonyesha uchafu ambao Chrome ilikuwa inaufuta yenyewe. Kwa kurasa nyingine nilitumia amri:

```
curl -s https://redio.example/ratiba/ \
  | grep -Eo '(src|href|action)="http://[^"]+'
```

Kwa kurasa ambazo nisingezifikia niliwatumia wasikilizaji wenyewe. Niliweka kwenye nginx hedari (maagizo ya seva kwa kivinjari) ya Content-Security-Policy, kwa kifupi CSP, ya kuripoti tu, isiyozuia chochote:

```
add_header Content-Security-Policy-Report-Only
  "default-src https: data: blob: 'unsafe-inline' 'unsafe-eval'; report-uri /ripoti-csp";
```

Kila kivinjari kinachokutana na kipande cha http kwenye ukurasa hutuma ripoti ndogo ya JSON, muundo wa kuandika data kwa maandishi, kwenye `/ripoti-csp`, ikitaja ukurasa gani na kipande gani. Ripoti zina takataka zake, nyingi zikitokana na viendelezi walivyoweka watu kwenye vivinjari vyao. Zile zinazojirudia ndizo za kufuatilia. Katika siku tatu nilikuwa na picha kamili kuliko ambayo ningeipata kwa kupekua mwenyewe mwezi mzima.

Na katika orodha hiyo ndipo nilipokuta lililonitia baridi. Fomu ya salamu, ile iliyotufanya tuhame, ilikuwa na `action="http://redio.example/salamu"` iliyoandikwa kwa mkono ndani ya faili la mandhari (theme) miaka iliyopita. Fuata kinachotokea. Msikilizaji yuko kwenye ukurasa wenye kufuli, anajaza namba yake kwa amani, anabonyeza Tuma. Kivinjari kinaipeleka namba wazi kwenye mlango 80, ule wa HTTP. Seva inajibu 301, nenda HTTPS. Na vivinjari, vikipata 301 baada ya kutuma kwa POST, ombi linalobeba data, hugeuza ombi linalofuata kuwa GET, la kuomba ukurasa tu, bila mzigo. Kwa hiyo namba ilikuwa imeshapita uchi njiani, na salamu yenyewe haikufika. Chrome tangu mwishoni mwa 2020 humwonya mtu kabla ya kutuma fomu ya namna hii, na ndiyo maana wawili watatu walikuwa wamemwandikia Mwalimu kwamba "fomu inatisha". Waliogopa kwa haki. Nilifanya iwe `action="/salamu"`, isiyotaja itifaki wala jina la tovuti, na hiyo ndiyo namna ninayoipendelea kwa kila kitu kilicho cha tovuti yenyewe.

Hifadhidata, na herufi moja

Sehemu kubwa ya anwani za http ilikuwa kwenye hifadhidata: picha ndani ya makala, faili za vipindi vilivyopita, mipangilio ya plagini, zile programu za nyongeza. Kishawishi ni kufungua phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata, na kuandika `UPDATE ... REPLACE`. Usifanye hivyo. Nilishafanya kwenye tovuti ya mtu mwingine zamani, na wijeti zake zote za pembeni zikapotea.

Sababu ni hii. WordPress huhifadhi mipangilio mingi kama data ya PHP iliyofungwa kuwa maandishi, na kila neno limeandikiwa urefu wake mbele:

```
s:30:"http://redio.example/nembo.png"
```

Ile 30 ni idadi ya herufi. Ukiongeza `s` moja tu, anwani inakuwa na herufi 31, lakini mbele bado pameandikwa 30. PHP ikifika hapo inakuta hesabu haikubali, na inalikataa fungu zima, si anwani hiyo peke yake. Tovuti haionyeshi kosa lolote. Mipangilio inaonekana tu kama haijawahi kuwekwa.

WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri, hulifungua fungu, hubadilisha, kisha hulifunga kwa hesabu mpya:

```
wp db export kabla-ya-https.sql
wp search-replace 'http://redio.example' 'https://redio.example' \
   --all-tables --skip-columns=guid --dry-run
```

Mstari wa kwanza ni nakala ya akiba, na usiendelee bila kuhakikisha faili lipo na lina uzito. `--dry-run` huhesabu bila kugusa. Isome hesabu jedwali kwa jedwali, kisha uiondoe na kurudia. Safu ya `guid` iache. Inafanana na anwani lakini kazi yake ni kitambulisho, na ukiibadilisha, programu zinazofuata mlisho wa RSS zinaweza kuziona makala zako zote kama mpya na kuwamwagia wasomaji habari za miaka mitano. Rudia amri kwa `http://www.redio.example` kama tovuti iliwahi kutumia www.

Nilidhani nimemaliza. Ukurasa wa "Kuhusu sisi" bado ulileta picha ya http nyuma ya kichwa chake. Ulikuwa umetengenezwa kwa plagini ya kujengea kurasa, ambayo huhifadhi kazi yake kama JSON, na humo mikwaju hutanguliwa na alama ya kinyume: `http:\/\/redio.example`. Macho yanaona anwani ileile. Amri ya kutafuta haiioni. Ikabidi mzunguko wa pili:

```
wp search-replace 'http:\/\/redio.example' 'https:\/\/redio.example' \
   --all-tables --skip-columns=guid
```

Baada ya hapo futa kache zote (nakala za muda za kurasa), ya plagini na ya seva, la sivyo utatumia saa nzima kutibu ukurasa uliokwisha kupona.

Faili za mandhari

Huku nilijichongea mwenyewe. Kwa haraka niliingia kwenye folda ya mandhari na kugeuza kila `http://` kuwa `https://` kwa amri moja ya sed. Nembo ya redio ikatoweka. Ilikuwa faili la SVG, na mwanzoni mwake mna `xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"`. Hiyo haifunguliwi na mtu. Ni jina linalokiambia kivinjari kwamba hii ni lugha ya SVG, na jina halibadilishwi tahajia. Kivinjari kilipokuta https hapo, hakikuitambua tena kuwa picha. Nikarudisha nakala, kisha nikapita mstari kwa mstari na `grep -rn "http://"`. Palikuwa na mistari michache tu ya kweli: jQuery (maktaba ya JavaScript) iliyoitwa kutoka seva ya nje, wakati WordPress inayo ya kwake, fonti, na picha ya usuli ndani ya CSS. Nusu saa ya kazi.

Vya watu wengine

Ukurasa wa ratiba ulikuwa na fremu ya hali ya hewa kutoka tovuti isiyokuwa na HTTPS kabisa. Fundi mitambo aliipenda, na aliniomba niitafutie njia. Kitu cha mtu mwingine kisichopatikana kwa HTTPS kina njia tatu tu: mwenyewe akirekebishe, ukilete kupitia seva yako na kubeba jukumu lake, au ukiondoe. Fremu ile, pamoja na kihesabu wageni cha zamani, niliviondoa. Mwalimu hakuuliza hata mara moja vilikwenda wapi.

Sauti ya redio haikuwa na anasa hiyo.

Icecast nyuma ya nginx

Icecast inaweza kusema TLS yenyewe ikiwa imejengwa na maktaba ya OpenSSL. Iliyokuwa kwenye seva yetu haikujengwa hivyo, na sikutaka kuijenga upya kwenye mashine inayorusha matangazo saa zote. Isitoshe, ingekuwa na cheti cha pili cha kukumbuka, na vyeti vya Let's Encrypt wakati ule vilikuwa vikiisha kila siku 90. Nikaamua nginx, ambayo tayari ina cheti, iipokee sauti:

```
location /live {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000/live;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_buffering off;
    proxy_read_timeout 1h;
}
```

Kwenye kicheza sauti anwani ikawa `/live`, basi. Kwa msikilizaji, ombi ni la HTTPS mwanzo mpaka mwisho. HTTP inabaki ndani ya mashine moja, kati ya nginx na Icecast.

`proxy_buffering off` ina sababu yake. Kwa kawaida nginx hukusanya jibu kwanza ndipo ilipeleke, utaratibu mzuri kwa ukurasa wenye mwisho. Matangazo ya redio hayana mwisho. Zima ukusanyaji, sauti ipite inavyokuja.

Jambo ambalo sikulitegemea lilijitokeza Ijumaa, wakati wa mawaidha, kipindi chenye wasikilizaji wengi kuliko vyote. Watu wapya wakawa hawaingii. Kila msikilizaji sasa anatumia miunganisho miwili ndani ya nginx, mmoja kutoka kwake na mwingine kwenda Icecast, na nginx ya Ubuntu huja na `worker_connections 768` kwa kila mchakato. Kwa tovuti ya makala, ambako mtu huja na kuondoka, hiyo ni nyingi. Kwa redio, ambako mtu hukaa saa mbili ameshikilia muunganisho wake, inajaa. Niliipandisha, pamoja na kikomo cha faili zinazofunguliwa, na Ijumaa iliyofuata ikapita bila malalamiko.

Badiliko jingine ni la hesabu. Icecast sasa inawaona wasikilizaji wote wa tovuti wakitoka 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, hivyo Mwalimu hakuweza tena kujua nani yuko Muscat na nani yuko Mtwara. Takwimu hizo huzitumia anapozungumza na wafadhili. Tunazisoma kwenye kumbukumbu za nginx badala yake.

Plasta, na kwa nini iwe ya mwisho

Watu wengi wangeniambia tangu mwanzo: weka hedari moja, umalize.

```
Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests
```

Hukiagiza kivinjari kigeuze kila ombi la http ndani ya ukurasa kuwa https kabla ya kulituma, hata skripti na fremu ambazo zingezuiwa. Ni zana nzuri na ninayo kwenye tovuti ile mpaka leo, kwa ajili ya picha za nje kwenye makala za zamani. Ila ilikuwa hatua ya mwisho kwa makusudi. Ikiwepo, maonyo ya maudhui mchanganyiko hutoweka kwenye konsoli, hata anwani mbovu ikibaki kwenye hifadhidata. Programu ya simu inayosoma mlisho, au barua pepe uliyotuma wasomaji, haiijui hedari hiyo. Na ingekuwa peke yake isingeturudishia redio: ingegeuza anwani ya mlango 8000 kuwa https, jambo ambalo Chrome ilikuwa imeshalifanya usiku ule bila kuombwa.

HSTS na mzee wa Muscat

Imebaki HSTS, hedari iliyosanifiwa katika RFC 6797, waraka wa viwango vya intaneti wa Novemba 2012, inayokiambia kivinjari kisije tena kwa HTTP kwenye tovuti hii kwa muda utakaoutaja. Inaziba mwanya wa ombi la kwanza la HTTP kila mtu aliyekwisha kutembelea tovuti anapoandika tena anwani kwa mkono, na niliitaka.

Lakini kumbuka kile kiungo cha huduma ya kwanza. HSTS ni ya jina la tovuti, na hugusa milango yote ya jina hilo. Kivinjari kilichokwisha kuipokea kitageuza hata `http://redio.example:8000` kuwa https, mlango uleule, na tutarudi pale pale pa asubuhi ya kwanza. Ukiongeza `includeSubDomains`, inashuka mpaka kwenye majina madogo yote yaliyo chini ya jina hilo, hata yale uliyoyasahau. Kwa hiyo kwanza nilikiondoa kile kiungo, nikasubiri ripoti za CSP zikae kimya wiki mbili, kisha nikaanza na `max-age=300`, dakika tano. Halafu siku moja. Halafu mwezi. `includeSubDomains` sijaiweka, kwa kuwa jina dogo la kumbukumbu za sauti bado liko kwenye seva ya zamani isiyo na cheti.

Mlango 8000 wenyewe uko wazi mpaka leo. Vifaa vya redio ya intaneti na programu za simu za zamani si vivinjari. Haviijui HSTS, na anwani waliyoandikiwa siku ya kwanza ndiyo wanayokwenda nayo. Kuna mzee mmoja Muscat, mtu wa kijiji cha jirani na kituo, ana kiredio cha mezani ambacho mjukuu wake alikiwekea anwani yetu kabla hajahamia mji mwingine. Kwenye kumbukumbu za Icecast ninamwona kila siku, saa za taarifa ya habari ya jioni, yeye na wengine wachache, wakiingia kwa mlango ule wa zamani. Nimemwambia Mwalimu kwamba nitaufunga siku mjukuu atakapokuja likizo.